Vumbi la Makaa Usoni mwa Baba

Foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imefika mlangoni mwa studio pale binti mmoja, fundi cherehani, alipoipita yote mpaka mbele. Gauni lake la bluu lenye vifungo vyeupe lilikuwa limeloa mvua mabegani, na bahasha kaikumbatia kifuani.

"Dada, foleni inaanzia kule," mpiga picha alisema bila kuinua macho.

"Mimi sikuja kupigwa. Nimekuletea waliokwisha kupigwa."

Watu wakacheka. Mpiga picha akainua macho, na tangu hapo hakupiga tena picha iliyonyooka siku ile.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha kumi na moja za mji mdogo wa makaa ya mawe alikozaliwa binti huyo: nyumba zilizopangwa mistari, mnara wa mgodi, wanawake wakianika shuka zilizoingia vumbi kabla ya kukauka. Moja ilikuwa ya baba yake akitoka zamu, uso mweusi tii, yakiwaka macho na meno tu. Mwezi uliofuata mgodi ulimfukia.

"Mama ameanza kusahau," alisema. "Zikuze, azione vizuri kabla hajatusahau wote."

Kazi ya wiki moja ikala miezi miwili, maana kila jioni binti alipita "kuangalia zimefika wapi." Asipopita, alipiga simu.

"Umekula, Bwana Picha?"

"Bado. Nakutazama wewe."

"Picha yangu unayo?"

"Sina. Nimefumba macho."

"Muongo mkubwa wewe!" Lakini simu hakukata.

Ili amfurahishe, mpiga picha alikaa siku tatu kwenye kompyuta akilifuta lile vumbi usoni mwa baba mtu, doa kwa doa. Jumapili wakampelekea mama. Mama akazishika picha, akataja jirani huyu na yule, hata mbwa wa jirani. Alipofika kwa mumewe, akaisogeza picha karibu na macho.

"Kijana mzuri," akasema kwa adabu. "Ni wa nani?"

"Mama, huyo ni baba!"

"Baba yako namjua, mwanangu. Huyu simjui." Akairudisha, akaomba maji.

Mlangoni binti aligeuka. "Nani alikutuma umwoshe?"

"Mpenzi, nilidhani..."

"Miaka tisa mama alimpokea mlangoni na vumbi lake. Ule ndio uso wake!"

Mpiga picha akachapa nyingine, vumbi likiwa palepale. Akapiga simu, haikupokelewa. Siku ya nne ikapokelewa, akasema ana picha mpya.

"Usilete," binti alisema. "Mama amefariki alfajiri."

Alikwenda msibani. Alibeba viti, akaosha vikombe, hakujisogeza mbele. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, binti akamfuata alipokuwa akifagia ua.

"Nilikuchukia," alisema. "Halafu nikawaza, mgonjwa alikuwa mama. Pengine asingemjua hata akiwa na vumbi lake."

"Pengine angemjua."

"Ndiyo. Pengine."

Mpiga picha akauegemeza ufagio ukutani. "Nataka kukuoa. Najua si siku yake."

"Niulize nikimaliza kulia."

"Nitajuaje?"

"Hutajua. Wewe uliza tu."

Aliuliza mwezi uliofuata. Akauliza na mwingine. Mara ya tatu, binti akiwa anapinda gauni la mteja, alisimamisha cherehani, akasema ndiyo, huku machozi bado yanamtoka.