Chipukizi Mkononi mwa Phelis

Jumanne, tarehe 16 Mei 1995. Mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukaondoka mapema, na kufikia saa nne jua lilikuwa limekausha benchi za kituo chetu cha majani chai, karibu na Litein. Ndugu zangu, ilikuwa asubuhi ya amani. Akina mama walikuwa wakichambua majani wakingoja lori la kiwanda.

Kimeli alikuja mikono mitupu, manati shingoni. Mkewe, Phelis, tuliyemwita Mama Nelvine, alimfuata na kikapu kilichojaa. Mwaka mzima Kimeli alikuwa akifanya mazoezi ya shabaha ngumu badala ya kuchuma. Aliweza kuangusha kizibo cha soda kilichowekwa juu ya nguzo akiwa ameipa mgongo, akitazama kwenye kioo cha kunyolea. Tulimpigia makofi kila wiki. Nami nilipiga, Mungu anisamehe.

"Vizibo tumevichoka," akasema Danson, mwenye duka.

"Unataka nini?" Kimeli akauliza.

"Mama Nelvine ashike majani mawili na chipukizi. Wewe ukate chipukizi, uache majani. Ukishindwa, kesho uje umejifunga leso kama mwanamke."

Watu wakacheka. Phelis akasema polepole, "Baba Nelvine, leo hapana. Lori linakuja."

"Unaniogopa?"

"Naogopa jiwe."

Tukacheka tena. Kwetu mke habishani na mumewe mbele ya watu, na Phelis alijua kwamba akikataa mara ya pili Kimeli ataaibika. Akainua mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Acha."

Kimeli akavuta manati; jiwe likapita chini kidogo ya chipukizi, likampiga Phelis vidoleni.  Aliketi kwenye nyasi, akaushika mkono wake.

Hospitalini, kule Kaplong, aliambiwa kidole gumba kitapona, lakini cha pili hakitakunjika tena. Mchumaji anaelewa maana yake: chai huchumwa kwa vidole hivyo viwili, na shamba lote lilikuwa likichumwa na Phelis peke yake. Kwa wiki tatu majani yalikomaa kwenye mashina ya chai. Karani wa kituo hapokei majani magumu.

Funzo

Mwenye kipaji amshukuru Mungu, kisha ajiulize nani anafanya kazi yake wakati yeye anasifiwa. Nasi tunaopiga makofi tuna hatia yetu. Mama akisema hapana kwa sauti ndogo, tulisikie neno hilo mara ya kwanza. Nimeomba toba kwa hilo, na ninaendelea kuomba.

Kimeli naye alikuja kituoni Jumanne ya tarehe 6 Juni. Alisimama mbele ya karani, Danson na akina mama wote, Phelis akiwa kando yake, mkono umefungwa bendeji. Akasema kwa sauti:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi shamba nitalichuma mimi. Na Phelis akinikatalia mbele ya watu, sitaona aibu. Nitaacha."