Tanuri Halikimbizwi

Kila siku ya likizo, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kukohoa, Umeme alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani na kunawa mikono hadi viwikoni. Hilo silo jina alilopewa na wazazi. Alilipata mezani, katika chumba cha mikate cha mama yake, kwa sababu ya mikono yake. Ukipepesa jicho, bonge la unga limeshakuwa donge la duara. Ukipepesa tena, donge limeshalala kwenye kopo lake. Watu wazima waliokuja dirishani kununua mkate walisimama kumtazama mpaka wakasahau kilichowaleta.

Kazi ilikuwa ya watu wanne. Mama alikanda unga kwenye karai kubwa. Umeme alikata madonge, akayaviringisha na kuyapanga kwenye makopo ya kuokea. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha pili, mjomba wake alikuwa bwana wa tanuri. Alichochea kuni, akaingiza makopo kwa beleshi la mbao lenye mpini mrefu, na mikate ilipoiva akaitoa. Mtoto wa mjomba, binamu wa rika la Umeme, aliipakia kwenye baiskeli na kuipeleka madukani. Huyu walimwita Redio, maana hakuna aliyewahi kuona mahali pa kumzimia.

"Leo umechelewa, Mjomba," Umeme alisema kila asubuhi, huku akisukuma rundo jingine la makopo mlangoni kwake. "Yangu haya hapa. Yako yako wapi?"

"Tanuri halina miguu, mpwa wangu," mjomba alijibu bila kugeuka.

Siku hizo maduka yalikuwa yamejaa mikate ya kiwandani iliyofungwa kwenye nailoni, na baiskeli ya Redio ilirudi na mikate mingi kuliko ilivyopendeza. Ndipo alipokuja mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mpana aliyezoea kusema jambo mara moja tu. Alitaka mikate ya kifungua kinywa cha wagonjwa, kila asubuhi, kabla uji haujaepuliwa.

"Mtanionyesha asubuhi mbili," alisema. "Mkate laini, usio mchachu. Mgonjwa hana nguvu za kupigana na chakula."

Alipoondoka, mama alikaa juu ya gunia la unga. "Hospitali ikitukataa, tunafunga mlango huu," alisema. "Mimi nitatafuta kibarua mji mwingine, nawe utabaki kwa bibi yako." Umeme akaapa moyoni kwamba mikono yake haitapumzika hata dakika moja.

Na kweli haikupumzika. Asubuhi ya kwanza ya majaribio mama alikanda unga wote kwa mpigo, na Umeme akaushambulia kama nzige kwenye shamba la mtama. Makopo yalijaa mezani, yakajaa benchi, yakajaa sakafuni hadi ukutani. Redio alisimama mlangoni akitangaza kama yuko uwanjani: "Umeme anapiga chenga, anampita mmoja, anampita wa pili, baba bado yuko golini amelala."

Fungu la kwanza la mikate lilitoka zuri. La pili lilikuwa hivi hivi. Ya mwisho ilitoka imebonyea katikati kama mito iliyokaliwa na mtu mnene. Mpishi mkuu alivunja mmoja, akaunusa, akaurudisha mezani.

"Huu umechacha," alisema. "Imebaki asubuhi moja. Nitakuja Jumamosi."

Umeme hakungoja afike mbali. "Ni tanuri la Mjomba linalotuangusha, Mama. Mimi nilimaliza zamani. Mikate imekaa hapa ikimsubiri yeye."

Mjomba alikuwa akijifuta masizi usoni. Aliinama akaokota kopo lililoanguka, akaenda nalo nyuma ya ukuta.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "donge halisubiri kama jiwe. Hamira iko kazini humo ndani, inalipuliza kama puto. Likiingia motoni kwa wakati wake, ni mkate. Likicheleweshwa linavimba kupita kiasi, linachacha, halafu linanywea. Lakini tutafanyaje? Tanuri ni hilo hilo moja."

"Tufanye haraka zaidi," alisema Umeme.

Kesho yake alifanya haraka zaidi. Aliviringisha mpaka Redio mwenyewe akakosa la kutangaza. Makopo yaliyokuwa kwenye rafu akayamaliza, yaliyokuwa kabatini akayamaliza, akafika mpaka kwenye yale ya zamani yaliyopinda pembe. Kisha akanyoosha mkono kuchukua jingine, mkono ukarudi mtupu. Hapakuwa na kopo hata moja tupu upande ule wa ukuta. Yote yalikuwa yamelala sakafuni, madonge yamefura na kumwagika kingoni kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

"Umeme umekatika," alisema Redio. "Tunaomba radhi kwa wateja wetu."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, Umeme alisimama bila kitu cha kufanya. Akaona aibu kusimama. Akaenda nyuma ya ukuta kutafuta kopo, na huko akakuta jambo ambalo hakulitegemea.

Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na mkate. Moto ulikuwa ukinguruma peke yake, unaoka matofali. Na mjomba? Mjomba alikuwa ameinama pembeni, jasho linamtiririka, anagonga makopo ya moto ili mikate itoke. Akamaliza kuyagonga, akaanza kuyasugua. Akamaliza kuyasugua, akaanza kuyapaka mafuta. Akatupa jicho kwenye kuni, akaona zimepungua, akakimbia uani na kurudi na mzigo begani. Ndipo akashika beleshi lake.

Umeme alimtazama akiingiza makopo. Alikuwa amekimbia asubuhi zote zile, anajaza nyumba madonge, huku kitu kimoja tu kinachogeuza donge kuwa mkate kimekaa mdomo wazi, hakina cha kutafuna. Na kilichokosekana pale hakikuwa madonge.

"Mjomba, kazi hizi zote unafanya peke yako?"

"Ulidhani nafanya na nani? Na paka?"

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikia saa ngapi, mpwa wangu? Hukukanyaga huku hata siku moja."

Umeme aliangalia sakafu. "Nilikusema vibaya mbele ya mama, mgeni hata hajafika mbali," alisema. "Nisamehe, Mjomba."

"Nimeshasahau," alisema mjomba, ingawa alitabasamu kama mtu ambaye ndiyo kwanza anasahau.

Umeme alimkimbilia mama, akamvuta na mikono yake yenye unga mpaka mbele ya tanuri. Maneno yalimtoka yamepandana. Mama alimwambia ameze mate kwanza. Akameza.

"Mama, mkate hauzidi tanuri. Hata nikiwa na mikono kumi, tanuri linatoa kinachoingia basi. Tanuri likisimama, sote tumesimama, hata kama mimi natoka jasho. Kwa hiyo lisisimame. Mimi ninayemaliza mapema nije kugonga makopo na kuyapaka mafuta. Redio alete kuni badala ya kutangaza mpira. Mjomba asishike kitu kingine ila beleshi."

"Mimi ni mtangazaji, si mchukuzi," alisema Redio.

"Utatangaza huku umebeba," alisema mama. Kisha akafikiri, kidole kidevuni. "Na madonge?"

"Madonge yasianze mpaka tanuri liyaitishe. Wewe kanda kwa mafungu, usikande yote pamoja. Mimi niviringishe fungu moja tu, liwe tayari linaumuka. Likiingia motoni, ndipo niviringishe jingine."

"Utajuaje limeingia, na ukuta uko katikati?"

Mjomba hakujibu kwa mdomo. Aliinua beleshi lake na kugonga sakafu kwa mpini: ngo. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikisikika kila siku alipomaliza kuingiza makopo na kukung'uta majivu, na hakuna aliyewahi kuitilia maana.

"Basi tumepata ngoma," alisema mama. "Tuone kama tunajua kucheza."

Siku ya kwanza hawakujua. Redio alileta kuni mbichi, zikajaza chumba moshi mpaka wote wakalia kama wako msibani. Umeme alichelewa kwa sababu alikuwa mbali na meza anapaka mafuta ngo iliposikika. Wakacheka, wakarekebisha, wakajaribu tena. Makopo yaliyopinda pembe waliyarudisha kabatini, kwa kuwa hayakuhitajika tena. Sakafu ikapata nafasi ya kupitia watu.

Jumamosi ikafika. Mama alikanda fungu la kwanza akiimba chini chini. Umeme akaviringisha, mikono ile ile ya kasi, akapanga, akaacha. Ngo. Akaviringisha jingine, akakimbilia makopo ya moto, akagonga, akafuta, akapaka. Ngo. Mikate ilianza kutoka mfululizo, imejaa, migongo yake rangi ya ngano iliyoiva. Redio alipita na kuni begani akitangaza kwa pumzi fupi: "Mpira unatoka kwa shangazi, unakwenda kwa Umeme, Umeme anangoja, anangoja, pasi kwa baba." Hata mjomba aliitikia kwa kichwa.

Ndipo kivuli kikajaa mlangoni. Mpishi mkuu amewahi.

Aliangaza macho chumba kizima. Mezani kulikuwa na fungu la unga lililokandwa, halijaguswa. Kando yake amesimama Umeme, mikono nyuma, hafanyi kitu, maana makopo yote matupu yalikuwa yameshapakwa mafuta na kupangwa.

"Mikate ya hospitali nzima inangojewa," alisema mpishi mkuu, "na huyu mtoto amesimama kama nguzo ya bendera?"

Damu ilimpanda Umeme mpaka masikioni. Vidole vilimwasha. Alijua angeweza kulimaliza fungu lile kabla mgeni hajakaa, na mgeni angeduwaa kama walivyoduwaa wote. Pembeni aliona mkono wa mama ukienda polepole kwenye unga, kwa hofu tu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "Mjomba bado hajagonga."

Mama alimtazama binti yake. Akamtazama mgeni. Kisha akaurudisha mkono, akaufuta kwenye aproni. Chumba kikatulia, na aliyekuwa akisema sasa ni moto tu, nyuma ya ukuta.

Ngo.

Mikono ya Umeme iliruka. Mpishi mkuu, aliyekuwa amefungua kinywa kuongeza neno, alikiacha wazi hivyo hivyo. Fungu zima likawa madonge, madonge yakalala makoponi, na Umeme mwenyewe akatoweka nyuma ya ukuta kupokea makopo ya moto.

Fungu la mwisho lilipotoka, mpishi mkuu hakutaka mkate wa juu ya lundo. Aliingiza mkono chini kabisa akachomoa mmoja wa mwisho mwisho, kama anayejua watu wanaficha nini wapi. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Mkate ukabonyea, halafu ukarudi polepole, kama unamsalimia. Akauvunja, akaunusa, akala kipande. Hakuna aliyepumua, hata Redio.

"Uji wangu haujaepuliwa," alisema. "Na mkate huu wa mwisho ni laini, hauna uchachu. Tanuri jipya mmelijenga lini?"

"Ni lile lile la zamani," alisema mama.

"Basi kuanzia kesho, kila asubuhi, leteni hospitali." Akamgeukia Umeme. "Na wewe nguzo ya bendera, nilikuonea. Nani alikufundisha kungoja?"

"Nilikosa kopo," alisema Umeme, na wote wakacheka, ingawa ulikuwa ukweli mtupu.

Redio alipoondoka na shehena ya kwanza, baiskeli ikiyumba kwa uzito, mjomba alikaa juu ya kuni zilizobaki akamwita mpwa wake.

"Usije ukasikia watu wakisema ulishinda kwa kwenda polepole," alisema. "Uvivu haujawahi kuoka mkate. Wewe ulikuwa na bidii tangu mwanzo, ila bidii yako ilikuwa haijui inakwenda wapi. Katika kila kazi pana mahali pamoja panapobana, na papo hapo ndipo panapoamua wote watapata nini. Mtu akijitazama mwenyewe tu, atajiona shujaa na kazi itaharibika. Akiinua macho aone panapobana, akaenda kusaidia pale, hata kama ni kupaka makopo mafuta, huyo ndiye mchapakazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

Mama alitokea mlangoni, mikono imejaa unga wa kesho. "Na shule ikifunguliwa?" aliuliza. "Nani atakuwa Umeme wangu?"

"Nitamfundisha Redio kuviringisha," alisema Umeme. "Yeye akianza kuchoka kusema, mikono itapata nafasi."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainuka, akashika beleshi lake, akaligonga sakafuni kwa mazoea tu, na Umeme akajikuta ameshafika mezani.