Kitunguu Katika Majivu ya Askofu

Kijijini kwetu Yelcombe hakuna anayejua kufunga kama mimi, Hawise. Tumbo langu nalituma kama mbwa wa kuchunga kondoo: nikiliambia lala, linalala.

Asubuhi zetu za wakati ule zilifanana. Bibi Gunnild alichochea moto katikati ya nyumba, moshi ukatutoa machozi sote, nami nikaenda kisimani. Nikirudi nilikuta uji wa shayiri unatokota. Mpaka leo, nikisikia harufu ya uji ulioungua kidogo, namwona Bibi na mwiko wake.

Siku ile hapakuwa na uji. Kesho yake Askofu angekuja kulitabaruku kanisa letu jipya, na desturi ilitaka kijiji kizima kifunge. Aliyeingoja siku hiyo kuliko wote alikuwa Bibi. Kabla ya hapo hatukuruhusiwa kuzika kwetu. Babu tulimbeba kuvuka kinamasi mpaka parokia ya mbali, mvua ikinyesha, jeneza likituponyoka.

"Mimi msinipeleke kule," Bibi alikuwa akisema. "Nilazeni hapahapa, karibu na nyumbani."

Adhuhuri, Bibi alipotoka, tumbo langu likaanza kubweka. Nikafukia kitunguu kwenye majivu ya moto. Kabla hakijaiva, Mjomba Osbert akaingia na chungu na koleo.

"Majivu ya kanisa! Kila nyumba inatoa."

"Mjomba, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Kwani unayapika?"

Nikanyamaza. Akachota yote, akaenda zake. Alitakiwa kuyachekecha, lakini naye alikuwa na njaa.

Kesho yake Askofu alizunguka kanisa akinyunyizia kuta maji ya baraka, akagonga mlango kwa fimbo yake, akaingia na mapadri. Sisi tulibaki nje. Tulijua kwamba ndani majivu yamemwagwa sakafuni toka kona hadi kona, mfano wa msalaba, na kwamba Askofu anaandika herufi juu yake kwa ncha ya fimbo. Tulisikiliza wimbo wao. Ghafla ukakatika.

Mlango ukafunguliwa. Shemasi kijana akatoka, ameinua kitunguu cheusi.

"Nani kapika siku ya mfungo? Fimbo ya Baba Askofu imekifukua hiki kwenye herufi ya tatu! Hataendelea mpaka mwenyewe ajulikane. Na jioni anasubiriwa parokia nyingine."

"Majivu kaleta Osbert!" mtu akapaza sauti.

"Osbert, hata siku moja imekushinda?"

"Kwa tumbo lile, mlitegemea nini?"

Mjomba aliiva uso. "Jamani, naapa, si mimi!"

Nikamtazama Bibi. Alikuwa anakitazama kile kiwanja cha nyasi kando ya ukuta wa kanisa, kilichotengwa kwa makaburi, kama mtu anayeona kitanda chake kinabebwa kupelekwa kwa jirani.

"Ni changu," nikasema, sauti nyembamba. "Mjomba hana kosa. Na sikukila!"

"Ungekila?" Aliyeuliza alikuwa Askofu mwenyewe, mzee mfupi, majivu mpaka magotini.

"Ningekila, Baba Askofu. Na ganda lake."

Askofu akacheka mpaka fimbo ikatikisika. "Basi leo wenzako wakila, wewe utafunga mpaka jua litue." Akarudi ndani, wimbo ukaendelea. Alasiri alitoka akabariki na kile kiwanja, kiwe makaburi yetu.

Watu walipokuwa wanakula nguruwe wa kuchoma, Bibi alikuja kukaa nami nyasini.

"Ungesema jana palepale motoni, tungecheka tu yakaisha," aliniambia. "Ulinyamaza, mjomba wako akatukanwa mbele ya kijiji kizima. Siku nyingine sema mapema, mjukuu wangu, kosa likiwa bado lako peke yako."

Sasa Bibi amelala palepale tulipokaa. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya kanisa, tunakula karibu naye. Mwaka huu nilikuwa nawasimulia watoto habari hii, nikamalizia hivi: "Na adhabu yangu niliitimiza. Sikuonja kitu mpaka jua likatua."

Mjomba Osbert akaacha kutafuna.

"Hukuonja? Na ule mnofu Bibi alioutoa chini ya mtandio wake, ukaumeza bila hata kutafuna, unadhani alipewa na nani?"