Ukuta Usio na Kona

Mwaka wa 1957, siku ya gulio la Kayanga, watu waliacha ndizi na kahawa zao wakaenda kuushangaa ukumbi mpya wa utamaduni. Ulikuwa wa zege tupu, mviringo kama msonge, na paa lake lilijipinda kutoka ardhini hadi ardhini bila nguzo hata moja ndani. Wazee walibaki nje. Walisema litaanguka.

Kemirembe wa Chonyonyo aliingia na gauni lake la maua mekundu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akamkanyaga mtu. Mtu huyo alikuwa Cassian, kijana wa Muleba aliyeajiriwa kuwaongoza wageni, shati jeupe, kofia kichwani, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi.

“Samahani, kaka. Nilikuwa natazama juu.”

“Wote wanatazama juu, dada. Ndiyo maana sina vidole tena.”

Kicheko cha Kemirembe kilizunguka paa lote. Tangu hapo, kila gulio Kemirembe alikuja kuutazama ukumbi kana kwamba umebadilika. Cassian alimtania kwamba atamtoza kodi ya pango. Yeye alimwita Mlutheri wangu, na hapo ndipo penye shida yao. Kwao Kemirembe walikuwa Wakatoliki, na baba alikwisha sema hana binti wa kupeleka kanisa jingine.

Wakakubaliana. Cassian angesoma mafundisho kwa padri kimyakimya, apokelewe Pasaka, ndipo atume mshenga. Kabla ya hapo nyumbani wasijue lolote, maana wangeharakisha kumpa Melkiory, mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa akituma salamu pamoja na sukari. Siku moja Kemirembe alimwonyesha kwa mbali mama yake, Kokubanza, mwenye kanga ya buluu, akichagua chumvi. Cassian aliona mgongo tu, akageuza macho.

Kwaresima haijaisha, akina mama wa parokia wakaja kuuona ukumbi. Cassian alisimama kuwapokea, akaiona ile kanga ya buluu. Kwa mila zao mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Huiacha njia na kuficha uso. Moyoni alikwisha kuwa mkwe, na miguu ikatangulia akili. Alijifunika uso kwa kofia, akaufuata ukuta akitafuta kona ya kujificha. Kona haikuwapo. Ukuta ukamzungusha polepole, ukamrudisha mbele ya Kokubanza.

Wanawake walicheka. Kokubanza hakucheka. Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu asiyeolewa.

Jioni alimuuliza Kemirembe juu ya kijana wa ukumbini, na Kemirembe akainuka kwenda kuchota maji. Baba akampiga marufuku kwenda gulioni, Melkiory akaitwa. Kemirembe aliamini Cassian alijisifu mahali. Alipoletwa Kayanga kupimwa gauni la harusi, alimtoroka shangazi yake akaingia ukumbini.

“Ulimwambia nini mama?”

“Sikumwambia neno. Nilimkimbia.”

Alimweleza yote. Kemirembe akaegemea zege, akafumba macho.

“Ungemsalimu tu, Cassian. Shikamoo mama, kama anavyosalimiwa na kila mtu.”

“Ningewezaje, mpenzi? Ni mama yako.”

“Basi umemheshimu. Mimi naenda Bukoba.”

Alimnyoosha kola ya shati, taratibu, kama mke. Nje shangazi alikuwa akimwita.

Aliolewa baada ya Pasaka. Cassian alipokelewa katika Ukatoliki hivyo hivyo, kwa kuwa alikwisha ahidi. Hakuna ndugu aliyekuja kusimama naye.

Msimu wa kahawa Kokubanza alirudi ukumbini na wageni wake. Cassian alikuwa mlangoni. Hakukuwa tena na sababu ya kumpisha njia. Alivua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa ya Kemirembe. Mama ndiye aliyeyashusha.