Balozi Ang'oa Mpaka

Pale shambani kwa Bibi kazi ilianza kabla jua halijatoka. Shangazi aliwasha moto, binamu walibeba majembe wakateremka bondeni, na kuku waligombana mlangoni. Ikifika saa tatu, jirani yao naye aliibuka. Kila siku ya Mungu mzee yule alipima upana wa shamba lake kwa miguu, akihesabu kwa sauti kuanzia moja mpaka sitini na nne, ndipo roho yake itulie anywe chai. Ndiyo maana watu wote walimwita Mzee Hatua.

Likizo hii kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akilala mpaka chai ipoe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa Bibi kutoka nchi ya pili, alikohamia baba yake kutafuta kazi. Alipovuka mpaka kuja huku, maofisa walimsimamisha yeye na abiria wenzake juani kwa saa tano nzima, maana mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula na funguo zimo mfukoni mwake. Hata hivyo msichana alifika na miwani ya jua usoni na pasipoti shingoni, akamwonyesha Bibi hiyo pasipoti kabla hata ya kumwamkia. Binamu zake wakampa jina siku hiyo hiyo: Balozi.

Balozi alijigamba kwamba kwake kulima si kitu, kwao ana bustani. Kweli alikuwa nayo, ila ilikuwa ndani ya ndoo mbili dirishani. Siku ya kwanza aliposhika jembe, binamu yake aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna siri iliyowahi kulala kinywani mwake, alimwambia analishika kama kijiko cha uji. Wote wakacheka mpaka Shangazi akakaa chini.

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Siku ya tatu Balozi aliamka wa kwanza, akachukua jembe, akaenda peke yake pembezoni mwa shamba. Huko alikuta mstari wa vichaka vifupi, vimepinda, vimejaa vumbi, havina ua wala tunda. Akaona kumbe hapa ndipo wavivu wa ukoo huu walipopasahau. Aling'oa kimoja, akang'oa cha pili, akaendelea hivyo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jua lilipochomoza palikuwa na lundo la vichaka kumi na vinane, na Balozi kando yake, mkono kiunoni, akingoja sifa.

Redio alikuja kumwita chai. Alitazama lundo, akatazama shamba, akalihesabu lundo kwa kidole.

"Balozi," alisema mwishowe, "umeng'oa mpaka."

Kwao Balozi, mpaka ni ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Hakujua kwamba watu wanaweza kutenganisha mashamba kwa vichaka vya kufika gotini, na vikaheshimiwa tangu enzi za babu wa babu. Na hawakuwa na njia nyingine. Ofisi ya ardhi iliahidi kuweka mawe ya saruji tangu Redio hajazaliwa. Wakubwa walikuja kuomba kura mara tatu, na mara zote tatu waliyasahau mawe nyumbani. Sasa mpimaji wa ofisi hiyo alikuwa ametuma habari kwamba anakuja leo kuandika mipaka kwenye hati.

Balozi alimsihi Redio asiseme. Wakavipanda upya mbio mbio kwa kukisia, Redio akiwa ameuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa, maana hakujiamini kuitunza siri. Mstari mpya ulinyooka kuliko wa zamani. Ulikuwa na kasoro moja tu: ulikuwa ndani ya shamba la Mzee Hatua.

Saa tatu sauti ya mzee ilisikika ikihesabu. Ikafika sitini na mbili, ikanyamaza. Akarudia. Akavua viatu, akarudia tena. Kisha akaja uani kwa Bibi viatu mkononi, na papo hapo mpimaji naye akatokea, maana watu wa ofisi huwahi siku ile tu usiyowahitaji.

Mzee Hatua alilalamika kwa kirefu. Wamelima ubavu kwa ubavu miaka thelathini na mitano, alishiriki kumzika mume wa Bibi, halafu leo, siku ya kupimwa, anaibiwa hatua mbili. Bibi aliinuka kwa hasira.

"Jirani, mimi mwizi?" alisema. "Kama yupo mtu wa nyumba hii aliyegusa mpaka, chukua migomba yangu yote ya upande ule. Mpimaji, andika."

Mpimaji hakuandika, kwa sababu serikali haikumpa kalamu. Aliazima ya Redio, naye alimpa, kitambaa bado mdomoni, macho yamemtoka kama mtu anayezama.

Balozi alitazama migomba. Ilikuwa kumi na mitatu, na ndiyo iliyompatia Bibi pesa za dawa zake. Akisema, Bibi anaipoteza. Asiposema, Bibi atakuwa ameapa uongo mbele ya watu bila mwenyewe kujua. Kalamu ikagusa karatasi.

"Bibi, ni mimi," alisema Balozi. "Niling'oa nikidhani ni magugu. Kisha nikavirudisha vibaya ili msijue. Babu, usimwite Bibi mwizi, hajui lolote."

Hapo Redio akatema kitambaa, akaeleza yote tangu alfajiri, pamoja na yale ambayo hakuyaona.

Wakaenda wote kutazama. Balozi aliwaonyesha mashimo ya zamani, moja baada ya jingine, udongo bado laini na vipande vya mizizi vimebaki ndani. Mzee Hatua akahesabu kuanzia pale: sitini na nne. Akashusha pumzi, akavaa viatu.

"Migomba ni yako," Bibi alimwambia. "Nimeshasema."

"Siitaki."

"Utaichukua."

"Mama, sichukui."

Wakazozana hivyo mpaka mpimaji akauliza kwa upole chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Mwishowe Mzee Hatua alikubali mkungu mmoja, kwa sharti kwamba ubebwe na Balozi. Ulikuwa mzito, naye alisimama kupumzika mara nne katika njia ya hatua sitini na nne.

Aliporudi, Bibi alimwosha viganja kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Kung'oa kulikuwa kutojua," Bibi alimwambia. "Ungeuliza tu, hakuna ambaye angekula kichwa chako. Lakini kupanda upya kimya kimya, hapo ulijua. Ukikosea ukasema, kosa linabaki lako, na dogo. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Leo lilikuwa linanikalia mimi."

Akamfunga vitambaa viganjani, akampa ndoo. Vichaka kumi na vinane vilikuwa vimerudishwa mahali pake, na vyote vilikuwa na kiu.