Seli Chache za Kitovu

Mulikadamu, mashine ya kumulika seli ndani ya mwili, ilinguruma kwa upole juu ya kitanda cha Lugano, na kwenye kioo chake mwili wa mtoto ulionekana kama ramani ya mito. Seli shina zilizotolewa kwenye damu ya baba yake zilitiwa rangi ya kijani. Zile za kitovu cha dada yake mchanga zilikuwa za njano. Mifupa huziita kwa kemikali, nazo husafiri na damu hadi kwenye uboho, hutulia humo na kuzaa damu mpya. Za kijani hufika mapema lakini hazikai. Kazi yao ni kushikilia nafasi tu, mpaka za njano, ambazo huchelewa, zizoee.

Siku ya ishirini na nane tangu Lugano apandikizwe seli hizo, za kijani zilikuwa zimekwisha. Tusajigwe, mama wa mtoto na mhandisi aliyeiunda mashine hiyo, alihesabu za njano kwenye mfupa wa nyonga. Tisa. Jana zilikuwa kumi na nne.

"Wadudu wako wamefika wapi?" aliuliza mama mkwe wake, Bibi Gwantwa.

"Ni seli, mama."

"Haya, seli. Zinatembea kama wageni wa harusi, watu wameshakula ndiyo zinaingia."

Lugano alitabasamu bila kufungua macho.

"Mbona chache hivi, mwanangu?" Bibi aliuliza, akikitazama kioo.

Tusajigwe alijua. Uchungu wa kumzaa binti huyo mchanga ulimshika mapema, akajifungulia nyumbani, Tukuyu. Muuguzi aliyekuja na kifuko alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukinga damu ya kitovu, Bibi Gwantwa akaingia na khanga, akalifunika kondo la nyuma na kwenda kulizika migombani kabla halijapoa, kama walivyofanyiwa watoto wote wa ukoo. Kifuko kilibaki na robo. Muuguzi alimtazama Tusajigwe, akingoja amzuie. Yeye alimwonea haya mama mkwe, akanyamaza.

"Mashine inaona vibaya," alisema sasa. "Zipo nyingi, haizioni."

Bibi alishusha pumzi. "Nilishaogopa! Basi itengeneze, tutasubiri. Lugano, umesikia? Ni mashine tu ya mama yako."

"Hata mimi niliona imezeeka," mtoto alisema kwa sauti ndogo.

Tusajigwe alichukua bisibisi, akapiga magoti, akafungua kifuniko. Ndani kila kitu kilikuwa kizima. Alianza kulegeza skrubu moja moja, polepole, ili kazi isiishe haraka.