Nilimsamehe Baba Deo, Mguu Ukaenda

Nina miaka thelathini na saba, mama wa watoto watatu, naishi Makanyagio hapa hapa Mpanda. Mguu wa kulia sina. Nimelisema hilo mapema ili msije mkaanza kunipa pole katikati ya habari... pole nimeshapewa za kunitosha!

Wanaonijua wananiita Mama Oliva. Nilikuwa nauza mchele. Kwetu ni Kasansa, nikawa nanunua kwa ndugu zangu huko na kuuleta mjini. Mdomo ninao, sikatai. Hata madalali wa sokoni walikuwa wakiniona wanabadilisha njia. Sasa huo mdomo ulienda wapi siku niliyouhitaji?

Siku hiyo nilipanda bodaboda, natokea Misunkumilo kumwona mgonjwa. Fuso likatokea nyuma mbio mbio, likataka kutupita, likatugonga ubavuni. Lenyewe likaenda kuvamia mti, uso wote ukabonyea. Kijana wa boda aliangukia kwenye majani, akainuka na michubuko tu. Mimi niliuangalia mguu wangu nikaona umegeukia upande ambao mguu haugeukii...

Dereva akashuka analia: "Yesu wangu, Mama Oliva! Ni wewe?"

Alikuwa Baba Deo. Gari ni lake na anaendesha mwenyewe. Tunasali jumuiya moja, na mke wake ndiye mama wa ubatizo wa Oliva wangu. Yaani si mtu baki, ni ndugu kabisa!

Hospitali wakanifunga, wakanitia chuma. Askari wa trafiki akanifuata wodini, akaniambia wazi kwamba mwenye kosa ni Baba Deo na atapelekwa mahakamani. Hukumu ikitoka, niipeleke kampuni ya bima ya lile gari wanilipe matibabu. Akamalizia, "Mama, usiharakishe kupatana na mtu." Nikamwitikia, sawa afande. Kumbe nilikuwa naitikia tu!

Niliporudi nyumbani, jumuiya nzima ikaja kusali kwangu. Walileta mbuzi, mchele na sukari. Baada ya rozari Baba Deo akapiga magoti mbele ya kitanda changu. Akasema akifungwa watoto wake watakula nini? Akasema bima ipo, matibabu yangu yote nimwachie yeye, tuyamalize kifamilia. Mke wake alikuwa amemshika Oliva mkono, analia. Wote wakanigeukia mimi.

Jamani, ungekuwa wewe ungesemaje? Ungesema hapana, na rozari bado iko mkononi?

Nikasema nimesamehe. Vigelegele vikapigwa, mbuzi akachinjwa. Mume wangu peke yake hakula. Aliniuliza taratibu kwa nini nisimsamehe mtu moyoni na kesi nikaiacha iendelee. Nikamjibu vibaya! Nikamwambia yeye ni Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Wiki iliyofuata nikapelekwa mahakamani na magongo yangu, nikasema sina shida na mshtakiwa, sitatoa ushahidi. Kesi ikafutwa. Baba Deo akanishika mkono mpaka nje.

Mwanzoni alikuja kuniona, akaleta na dawa. Baadaye akawa anapiga simu. Baadaye simu ikawa haipokelewi...

Na mguu nao ukaanza mambo yake. Ukavimba, ukatoa usaha, ukanuka hadi Oliva akawa anafungua dirisha. Daktari akasema mfupa haukuunga na vijidudu vimeingia kwenye chuma, niwahi Mbeya kwa mabingwa nikafanyiwe upasuaji mwingine. Nikichelewa, mguu utakatwa. Hakunificha.

Tukaenda ofisi ya bima. Dada wa pale alikuwa mpole, alinipa kiti na maji. Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Hukumu iko wapi, mama?" Nikasema hakuna, tulisameheana. Akasema bila hukumu inayoonyesha mteja wao ana kosa, wao hawana cha kulipia. Nikapandisha sauti. Nikamwonyesha mguu, nikafungua na kitambaa! Akageuza uso, machozi yakamtoka, lakini jibu likabaki lile lile. Labda, akasema, mteja mwenyewe aje akiri kosa, wapeleke ombi Dar es Salaam.

Basi nikachechemea mpaka kwa Baba Deo. Nilimkuta anakula. Alinisikiliza, akanawa mikono, akasema, "Mama Oliva, kesi umeizika mwenyewe, leo unaifufua ili nifungwe? Si ulisamehe mbele ya Mungu?" Mke wake alikuwa jikoni, hakutoka hata kunisalimia.

Jumuiya ndiyo ilinimaliza kabisa. Wale wale waliokula mbuzi wakaanza kusema nina tamaa, nimeusamehe mguu halafu nataka kuuuza. Siku zamu ya sala ilipofika kwangu, alikuja bibi mmoja tu, naye aliomba aondoke mapema.

Mume wangu akauza shamba letu la mpunga. Hakunisema hata neno moja, na afadhali angenisema! Tulipofika Mbeya daktari aliangalia picha, akamwita mume wangu pembeni. Nilijua. Nikapiga kelele wodi nzima ikanisikia. Wakaukata juu ya goti.

Niliporudi nilienda tena ile ofisi, sijui nikitafuta nini. Dada yule aliponiona bila mguu akanivutia kiti. Katika kuhangaika kunifariji akaniambia hata wao wanasikitika, maana gari la mzee yule lina bima kubwa, ile inayolipia gari lenyewe bila kungoja hukumu, walishalitengeneza lote mapema, uso mpya, taa mpya. Gari! Kumbe mbuzi alipokuwa anachinjwa kwangu, lile Fuso lilikuwa gereji linapona!

Mchele siuzi tena. Nakaa barazani namenya karanga za watu. Usiniulize kama nimemsamehe, kwa sababu sijui. Naogopa hata kwenda kukomunika kanisani...

Ila wewe unayesoma, nakuomba kwa machozi. Ukigongwa, waje wapige magoti, walie, walete hata ng'ombe, wewe wasamehe moyoni mwako. Kesi iache iende hadi hukumu. Usimwonee aibu ndugu, usiionee aibu rozari! Mungu haombi ufute kesi, wanaoomba ni watu. Mimi nilimwonea aibu mtu aliyepiga magoti, na leo goti nimebaki nalo moja.

Fuso lile linapita hapa kwangu kila likitoka Kasansa na mchele. Linang'aa. Baba Deo akifika usawa wa baraza anapunguza mwendo, ananipigia honi kunisalimia.